Jicho la Kioo: Lenzi za Kale na Picha za Wazee Wetu wa Panda

Katika nyumba nyingi za Likasi, na hasa za Panda, mahali palipokua kando ya mitambo ya shaba, mna picha zilizotunzwa ndani ya sanduku au katikati ya kitabu cha sala. Mzee amesimama wima na kofia yake ya kazi. Mama ameketi kitini, na mtoto yu magotini pake. Watoto wanapoiona picha ya namna hiyo huuliza mambo mawili: Nani huyu? Na picha ilipigwa lini? La kwanza twaweza kulijibu maadamu wazee wangali hai. La pili mara nyingi hukosa jibu, kwa kuwa nyuma ya karatasi hapana neno lililoandikwa.

Walakini yuko shahidi ambaye watu wachache humwuliza, naye ni kamera yenyewe. Pengine imo kabatini mwa babu, au katika stoo ya misioni, imejaa vumbi la kiangazi. Mwenye nyumba huiona kuwa takataka, akaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Twapenda kumsihi angoje kidogo. Jicho lile la kioo lililo mbele, yaani lenzi, lina historia yake, na anayeijua historia hiyo aweza kulihoji. Kanuni ya mashauri hayo ni moja, nayo ni rahisi: picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko lenzi iliyoipiga.

LENZI NI KITU GANI?

Jina hili latoka katika lugha ya Kilatini, na maana yake ni dengu, kwa sababu kioo cha lenzi husuguliwa mpaka kikapata umbo kama la punje ya dengu. Kazi yake ni kuikusanya nuru itokayo katika kila sehemu ya kitu, na kuipeleka mahali pake juu ya filamu.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini kioo kimoja peke yake hakiiwezi vema. Kwanza, huipinda nuru ya buluu kuliko nuru nyekundu, hata rangi zisikutane mahali pamoja, na picha ikawa na ukungu. Pili, huionyesha vizuri sehemu ya katikati na kuziharibu pembe. Tatu, kitu kilicho bapa hukifanya kama kimekunjwa ndani ya bakuli. Historia yote ya lenzi ni habari ya watu waliopigana na makosa hayo, wakiongeza kioo juu ya kioo na hesabu juu ya hesabu.

MWALIMU WA HESABU NA ASKARI WA MIZINGA

Mwaka 1839 Mfaransa Daguerre alipoutangazia ulimwengu ufundi wa kupiga picha, lenzi yake iliyotengenezwa na Chevalier wa Paris ilipitisha nuru kidogo sana. Mtu aliyetaka kupigwa picha alilazimika kukaa dakika nyingi juani bila kutikisika.

Huko Vienna alikuwako mwalimu wa hesabu, jina lake Joseph Petzval, aliyezaliwa mwaka 1807 katika nchi ambayo leo yaitwa Slovakia. Mwaka 1840 alimaliza kuhesabu umbo la lenzi mpya ya kupigia picha za nyuso. Zamani zile hapakuwa na mashine za kuhesabia. Kwa hiyo alipewa askari wa kikosi cha mizinga wamsaidie, maana askari hao walikuwa wamezoea hesabu za kurusha makombora. Lenzi yao ilipitisha nuru zaidi ya mara 15 kuliko ile ya Chevalier. Tangu hapo uso wa mtu ukaweza kupigwa picha kwa muda wa dakika moja au pungufu.

Voigtländer, aliyeitengeneza na kuiuza lenzi hiyo, alipata faida kubwa, naye Petzval alipata malipo kidogo. Wawili hao wakagombana, wala hawakupatana tena. Petzval alikufa mwaka 1891. Lakini mchoro wake haukufa: picha za kale ambazo uso ni safi kabisa, na kando kando nguo na pazia zimefifia kama moshi, mara nyingi ni kazi ya lenzi ya namna yake.

MOTO WA JENA

Kwa miaka zaidi ya arobaini baada ya Petzval, wachoraji wa lenzi walizuiwa na jambo moja: vioo vyenyewe. Mafundi walijua namna chache tu za kioo, na kila kioo kilichoipinda nuru kwa nguvu kilizitawanya rangi kwa nguvu vilevile. Mwaka 1884, katika mji wa Jena huko Ujerumani, Otto Schott na Ernst Abbe walianzisha pamoja na familia ya Zeiss kiwanda cha kuyeyushia vioo. Schott alitia bariamu na boroni katika tanuru yake, akapata vioo vipya vinavyoipinda nuru sana bila kuzitawanya rangi sana. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa. Mwaka 1890 Paul Rudolph, mchoraji wa Zeiss, alitoa lenzi iliyoitwa Anastigmat, yenye kuonyesha vema katikati na pembeni pia.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana habari ya Abbe yawahusu wafanyakazi wote. Abbe alikuwa mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Alipokuwa tajiri hakuusahau uchovu wa baba yake. Mwaka 1889 aliunda Shirika la Carl Zeiss, akaliachia mali yake, ili faida iwasaidie wafanyakazi na chuo kikuu cha Jena. Mwaka 1900 siku ya kazi katika kiwanda cha Zeiss ikawa ya saa nane. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa ameitoa barua yake Rerum Novarum, akatetea mshahara wa haki na pumziko la mfanyakazi. Abbe hakuwa mtu wa Kanisa letu, lakini katika jambo hili alitenda tendo la haki, na kila anayeishika lenzi ya Jena mkononi anashika pia kumbukumbu ya tendo hilo.

Wakati huohuo nchi yetu ya Katanga nayo ilianza kuangaliwa na jicho la kioo. Kati ya mwaka 1898 na 1900 Charles Lemaire aliongoza msafara wa sayansi uliopita Katanga, na pamoja naye alikuwako François Michel mpiga picha, na Léon Dardenne mchoraji. Anastigmat ya Jena ilikuwa bado na umri wa miaka minane tu walipoanza safari. Picha zao zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji.

VIOO VITATU NA VIOO VINNE

Mwaka 1893 Mwingereza Dennis Taylor, fundi katika kiwanda cha darubini cha Cooke mjini York, alionyesha kwamba vioo vitatu tu, vikipangwa kwa akili, vyaweza kuyarekebisha makosa yale makubwa. Wakuu wa kiwanda chake walikuwa watu wa darubini, hawakutaka kutengeneza lenzi za kamera. Kazi ikapewa kampuni nyingine ya mji wa Leicester, nayo ikaziuza lenzi kwa jina la Cooke. Mchunguzi apata fundisho hapa: jina lililochorwa juu ya lenzi si lazima liwe jina la aliyeitengeneza.

Mwaka 1902 Paul Rudolph, akisaidiwa na Ernst Wandersleb, alitoa Tessar. Ina vioo vinne: viwili vya mbele vimeachana, na viwili vya nyuma vimegundishwa pamoja. Ilikuwa ndogo, safi, tena haikuwa na gharama kubwa. Muda wa hati iliyoulinda uvumbuzi huo ulipokwisha, viwanda vingi vilifuata mpango uleule kwa majina mengine: Elmar ya Leitz, Xenar ya Schneider, Skopar ya Voigtländer, Industar ya Warusi. Basi msomaji anayekuta mojawapo ya majina hayo ajue kwamba ameona mtoto au mjukuu wa Tessar.

LENZI ILIYONGOJA

Kabla ya Tessar, mwaka 1896, Rudolph huyohuyo alikuwa amechora lenzi nzuri zaidi, jina lake Planar, yenye vioo sita. Mbona haikuenea? Kila uso wa kioo unaogusana na hewa hurudisha nyuma nuru kama sehemu 4 katika 100. Tessar ina nyuso sita za namna hiyo. Planar ina nane. Tukihesabu, nuru zaidi ya robo ilipotea njiani katika Planar. Tena nuru iliyorudishwa ilitangatanga ndani ya lenzi na kuifanya picha kuwa nyeupe-nyeupe, isiwe na weusi wa kweli.

Dawa ilionekana kwanza mahali pasipotazamiwa. Dennis Taylor aligundua katika miaka ya 1890 kwamba lenzi za zamani, ambazo uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa uzee, zilipitisha nuru nyingi kuliko mpya. Ule utando mwembamba uliodhaniwa kuwa uchafu ulikuwa msaada. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwana wa Ukraina aliyefanya kazi Zeiss, alipata njia ya kuuweka utando kama huo kwa makusudi, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Jambo hilo lilifanywa siri ya jeshi. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 lilienea katika kamera za watu wote, na mpango wa Planar uliokuwa umengoja karibu nusu karne ukapata nguvu tena.

NAMNA YA KUIHOJI LENZI

Sasa tuishike lenzi ya babu. Ikiwa ni ya zamani sana, mwili wake ni wa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa madini hayo. Katika lenzi za baadaye alumini ilichukua mahali pake.

Kisha tusome maandishi ya ukingoni. Namba kama 1:4,5 yaonyesha jinsi lenzi inavyopitisha nuru: namba ya pili ikiwa ndogo, nuru huwa nyingi. Namba nyingine ni umbali ambao lenzi hukusanya nuru ya kitu kilicho mbali. Lenzi nyingi za Wajerumani zilizo za zamani huutaja umbali huo kwa sentimeta, kwa mfano 13,5 cm. Za baadaye hutumia milimeta. Herufi D.R.P. ni alama ya hati ya uvumbuzi ya Ujerumani. Namba ndefu ni ya mfululizo wa kiwanda, na kwa viwanda vikubwa kama Leitz na Zeiss ziko orodha zinazolinganisha namba hizo na miaka. Lakini mwaka unaopatikana ni wa kutengenezwa kwa lenzi. Picha yaweza kupigwa baada ya mwaka huo, hata miaka thelathini baadaye.

Herufi T yataka uangalifu, maana ina maana mbili. Katika lenzi za Zeiss, T ndogo nyekundu ni alama ya ule utando wa Smakula. Lakini mwaka 1945 Waamerika waliwahamisha wataalamu wengi wa Zeiss kutoka Jena kwenda upande wa magharibi, kabla Warusi hawajaingia mjini. Zikawako Zeiss mbili, moja Jena na moja Oberkochen, nazo zikashitakiana kwa ajili ya jina. Kwa hiyo lenzi za Jena zilizouzwa katika nchi za magharibi ziliandikwa tu »aus Jena«, na badala ya Tessar ikawekwa herufi T peke yake. Anayeiona T hiyo anashika mkononi ushahidi wa Ujerumani iliyogawanyika.

Ikiwa maandishi yamefutika, iko njia nyingine. Usiku, washa taa moja ndogo au mshumaa, uitazame lenzi kwa upande. Utaona miali midogo ya taa ndani yake. Kila uso unaogusana na hewa hutoa mwali mkali. Mahali palipogundishwa hutoa mwali hafifu. Katika Tessar, ukifunga tundu la katikati, utahesabu mbele miali mikali minne. Nyuma miwili mikali na mmoja hafifu. Ukikuta miwili mikali na mmoja hafifu pande zote mbili, yaelekea ni lenzi ya mpango ulioanza mwaka 1866, uliochorwa na Dallmeyer wa London na Steinheil wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake. Miali ikiwa na rangi ya buluu au zambarau, lenzi ina utando, na kwa kawaida ni ya baada ya vita.

Lenzi isifunguliwe na mtu asiye fundi, wala isisuguliwe kwa kitambaa kikavu, maana mchanga hukwaruza kioo. Msimu wa mvua iwekwe mahali pakavu penye hewa, kwa sababu kuvu hula uso wake.

Liko onyo moja linaloeleweka haraka kwa watu wa Likasi, jirani wa Shinkolobwe, mlikotoka madini ya urani. Tangu wakati wa vita mpaka miaka ya 1970 viwanda kadhaa vilitia thoriamu katika vioo vya lenzi fulani, kwa sababu iliipinda nuru sana bila kuzitawanya rangi. Thoriamu hutoa mnururisho. Lenzi kama hizo, mfano Aero-Ektar ya Kodak iliyofungwa katika ndege za vita, hugeuka rangi ya chai kwa uzee. Kuwa nayo kabatini si hatari kubwa, lakini isivunjwe, isisagwe, wala watoto wasiichezee.

ALIYEISHIKA KAMERA

Turudi Panda. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa mkataba wa miezi michache, wakarudi kwao. Kuanzia karibu mwaka 1928 kampuni ilianza kuwachukua kwa miaka mitatu, ikawahimiza waje na wake zao. Hivyo makambi yakawa na jamaa, ndoa na ubatizo. Yakawa na mambo ambayo watu hupenda kuyapigia picha. Sasa tulinganishe: Leica ilitoka mwaka 1925, ikapewa Elmar yenye vioo vinne, Rolleiflex ilitoka mwaka 1929, na Tessar ndani yake. Jamaa za Panda na kamera ndogo zilikua wakati mmoja.

Lakini kamera nyingi hazikuwa mikononi mwa wazee wetu. Kampuni ilipiga picha za mitambo yake na za watu wake kwa kumbukumbu zake yenyewe, na katika picha hizo mfanyakazi mara nyingi hana jina. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi na wengi wakafa. Vioo bora vya Jena vilikuwako ulimwenguni siku hiyo. Lenzi huonyesha kwa uaminifu kile kilichowekwa mbele yake, lakini haichagui. Achaguaye ni mtu.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliielewa habari hii. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, alizichukua sura za wafanyakazi katika picha za zama za ukoloni, akaziweka mbele ya magofu ya viwanda vya Katanga jinsi yalivyo siku hizi. Wazee waliokuwa wamesimama kwa amri ya mpiga picha wa kampuni sasa wasimama mbele yetu, nao watuuliza mali imekwenda wapi. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi maonyesho yaliyoitwa kwa neno letu la Kiswahili, Picha.

Basi, enyi wazazi, shauri letu ni hili. Zitoeni picha sandukuni Dominika mojawapo baada ya Misa, mbele ya babu na bibi. Andikeni nyuma ya kila moja, kwa penseli laini na pole pole, jina la kila mtu, mahali, na aliyepiga. Kamera ikiwapo, nakilini maandishi yote ya lenzi, pamoja na namba yake, mkayaweke pamoja na picha. Mwaka wa lenzi utawaonyesha picha haikupigwa kabla ya wakati gani. Nguo, nyumba na kumbukumbu za wazee zitawaonyesha yaliyobaki. Kijana mwenye akili ya hesabu apewe lenzi ahesabu miali. Huenda akapenda elimu ya nuru, na nchi inayochimba madini kwa ajili ya mashine za wengine yahitaji sana vijana wa elimu hiyo.

Petzval, Abbe, Taylor na Smakula walifanya kazi ili nuru ifike mahali pake bila kupotoka. Kuwaandikia wazee wetu majina yao ni sehemu ya kazi hiyo iliyoachwa kwetu.